Mwiba Usio na Majirani

Nyinyi mnaoanza kazi ya kusikiliza ubongo mmenikuta nimeshastaafu, na mmeniomba niwaambie tulivyofanya zamani. Nitawaambia, lakini msitegemee unyenyekevu. Nilikuwa hodari. Kwa miaka mingi katika hospitali yetu ya Gisenyi hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kubandika waya kichwani mwa mgonjwa akapata mstari safi, na hata waliokuja kutoka Kigali na vyeti vikubwa walisimama mlangoni kwangu wakitazama mikono yangu. Nayasema haya mapema ili mtakapofika mahali nilipokosea, mjue aliyekosea hakuwa mjinga. Makosa ya mjinga hugunduliwa siku hiyohiyo. Makosa yetu sisi hodari husainiwa na daktari.

Siku hizi nasikia mnaweka ndani kabisa ya ubongo kisahani kidogo kuliko ukucha, kimejaa visindano vyembamba kuliko unywele, na kila kisindano kinanasa minong'ono ya seli moja au mbili. Vizuri sana. Sisi tulikuwa nje ya fuvu. Ni kama kusimama nje ya kanisa kwaya ikiwa inaimba: unajua kama wanaimba pamoja au wamevurugika, lakini huwezi kusema nani kati yao ana mafua. Hata hivyo umeme ni uleule, wa seli zilezile, na uongo unaoweza kuwadanganya nyinyi ndio uliotudanganya sisi.

Nilizaliwa Ngara, upande wa Tanzania, mtoto wa wakimbizi. Uuguzi niliusomea huko, na kipimo cha umeme wa ubongo nilifundishwa huko pia, na mtawa mmoja mkali aliyenipiga vidole kwa rula kila nilipopima kichwa vibaya. Tuliporudi Rwanda nikapangiwa Gisenyi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, barabara ya Ruhengeri ikifungwa leo na kufunguliwa kesho, na wodi zetu zikiwa na wagonjwa wengi kuliko mashuka. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa mama, chenye lafudhi iliyowachekesha wauguzi wenzangu, kwa hiyo nilifanya kazi kwa Kiswahili. Gisenyi hilo si tatizo. Kuanzia sokoni hadi mpakani kila mtu ana Kiswahili chake, hata kama hakifanani na cha jirani yake. Mjini waliniita Mama Waya.

Mashine yenyewe ilikuwa zawadi kutoka ng'ambo. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, pamoja na kitabu cha maelekezo cha lugha ambayo hata padri hakuijua. Ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, na juu yake kalamu nane za wino zilichora juu ya karatasi iliyokuwa ikijisogeza yenyewe. Kichwani mwa mgonjwa tulibandika vifungo, ndivyo tulivyoviita, visahani vidogo vya fedha, kila kimoja na waya wake. Kila kalamu ilichora tofauti ya umeme kati ya vifungo viwili. Seli za ubongo zikizungumza kwa utulivu, kalamu zinachora mawimbi madogo. Seli zikilipuka zote kwa pamoja, kama kwenye kifafa, kalamu inaruka na kuchora ncha kali. Ncha hiyo tuliiita mwiba.

Sasa sikilizeni, maana haya hamtayakuta kwenye kompyuta zenu. Kichwa hupimwa kabla ya kubandikwa kitu. Kutoka mzizi wa pua hadi kile kifundo cha kisogoni, na kutoka sikio hadi sikio, kwa utepe wa fundi cherehani, na alama unaweka kwa penseli nyekundu. Ukikisia, umeshaharibu. Adui wa kwanza ni mafuta ya nywele. Wanawake wa Gisenyi walikuja hospitalini wamejipaka kana kwamba wanakwenda harusini, nikawafuta kwa spiriti huku wakinung'unika. Waliosuka niliwapitishia vifungo kwenye njia za misuko, na nilijua misuko ya mji mzima. Pasta ya kunatishia vifungo ilipokwisha nilitengeneza yangu kwa chumvi, glisirini na unga wa ngano, na nawaambieni bila haya, ilinata kuliko ile ya Ulaya. Ilikuwa na kasoro moja tu: panya waliipenda.

Adui wa pili ni umeme wa ukutani. Chumba cha pili palikuwa na mtambo wa kuchemshia vyombo vya upasuaji. Ukiwashwa tu, kalamu zangu zote nane zinatetemeka pamoja kama watu wenye homa. Nilikuwa navua kiatu nagonga ukuta mara tatu, nao wa huko wanazima. Hiyo ndiyo ilikuwa simu yetu.

Na adui wa tatu ni woga. Mtu mwenye woga anakaza taya na paji la uso, na misuli ina kelele kuliko ubongo. Aliletwa kwangu koplo mmoja aliyekuwa akiumwa kichwa miezi mitatu. Alikaa kitini kama anayesubiri kunyongwa.

"Mama," akaninong'oneza, "hii mashine inaandika ninachofikiri?"

"Inaandika kama ubongo wako uko macho au umelala."

"Basi haiandiki mambo ya kapiteni?"

"Haimjui kapiteni wako."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na dakika kumi baadaye alikuwa anakoroma. Nilipata karatasi safi kuliko zote za mwezi ule. Tangu siku hiyo kila mgonjwa nilimwambia kabla hajauliza: haisomi mawazo. Mngeshangaa jinsi watu wengi walivyoshukuru.

Aliyenifundisha kuishi na mashine hiyo alikuwa Papa Byamungu, fundi wa vifaa vya umeme, mzee mwembamba wa Goma, mji wa upande wa pili wa mpaka. Kila Alhamisi alivuka kwa miguu pale Petite Barrière, mpaka mdogo ambao kina mama wa biashara hupita na mabeseni yao kichwani, na ndani ya mfuko wake wa chakula alibeba kipimio cha umeme na bisibisi. Alizibua kalamu zangu kwa waya wa gitaa na maji ya moto. Kisha tulikunywa chai, naye akanisimulia ujana wake.

"Mi nilikuwa Belgique, bado kijana," alisema. "Mu laboratoire. Tulikuwa tunaweka ka-waya mu bongo ya paka, kembamba kuliko unywele. Ile waya inaenda ku haut-parleur, ile spika. Donc, tunangoja. Saa moja, saa mbili, hakuna kitu. Kisha unasikia: ta. Ta-ta. Ta-ta-ta-ta."

"Ni nini hiyo?"

"Cellule moja, mama. Seli moja tu! Paka anaangalia mwanga, ile cellule inasema. Unazima mwanga, inanyamaza. Batu wazima tulikuwa na machozi." Akatikisa kichwa. "Lakini professeur wetu, ye hakuwa analia. Kila siku aliuliza neno moja tu: ni cellule ao ni waya? Ukisikia muziki muzuri, uliza kwanza: ni cellule ao ni waya?"

Nilimsikiliza kwa heshima, nikamwongezea chai, nikaendelea na kazi yangu. Nilidhani hilo ni swali la watu wa paka.

Kisha mpaka ukafungwa kwa sababu ya vita vya upande wa Goma, na Papa Byamungu hakuonekana kwa majuma mengi. Ni katika majuma hayo Daforoza aliletwa kwangu.

Daforoza alikuwa akiuza uji karibu na Petite Barrière, kwa wabeba mizigo na kina mama waliokuwa wakisubiri lango la mpaka lifunguliwe. Aliishi mtaa wa Mbugangari. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka upande wa pili wa barabara, na alikuwa amechumbiwa na Alfonsi, kijana wa mtumbwi wa Nyamyumba, aliyevua sambaza, dagaa wa ziwa letu. Mahari ilikwisha kusemwa. Asubuhi moja ya jua kali, akiwa hajala tangu jana yake, alisimama katikati ya msongamano na ndoo ya uji mkononi, akaanguka. Alipokuwa chini mikono ilitetemeka kidogo, halafu akazinduka, akauliza uji wake uko wapi. Lakini watu walikuwa wameshalitamka lile neno: igicuri.

Igicuri ndicho kifafa. Nanyi ambao hamkuwapo mjue lilikuwa neno la namna gani. Watu waliamini kinaambukizwa kwa mate. Mwenye igicuri hanywi kwenye kikombe cha mwingine, halali kitanda kimoja na ndugu zake, haolewi. Daktari akamleta kwangu ili tujue ukweli.

Nilimpima, nikamfuta mafuta, nikabandika. Na kweli, baada ya dakika chache, mwiba! Kalamu ya tatu iliruka chini na ya nne ikaruka juu, zikaelekeana kama mbuzi wawili wanaotaka kupigana pembe. Wenye kazi hii mnajua maana yake: mlipuko uko chini ya kifungo ambacho kalamu hizo mbili zinashirikiana, pale juu ya panja la kushoto. Ulikuja tena, na tena. Ulikuwa kama picha ya kitabuni. Nilifurahi jinsi mvuvi anavyofurahi wavu ukiwa mzito.

Nilirarua karatasi, nikatoka nayo ukumbini. Daktari alikuwa akipita katikati ya mabenchi ya wagonjwa. Sikumsubiri afike.

"Daktari! Yule wa Mbugangari ni kifafa, wazi kabisa!"

Nilisema kwa sauti. Nilitaka isikike kwamba nimeona. Kwenye benchi la mwisho mwanamke mmoja aliyekuja kufungwa kidonda cha mguu aliinuka na kuondoka kabla jina lake halijaitwa. Nilimwona, sikumtilia maanani. Alikuwa shangazi yake Alfonsi.

Daktari wetu alikuwa amekulia Uganda, mtu mwema wa magonjwa yote, lakini hakusomea ubongo. Aliamini macho yangu. Alisaini, akamwandikia Daforoza fenobabitali, dawa ya kifafa.

Baada ya majuma kama sita nikaanza kuona mambo ya ajabu. Alikuja mwalimu wa shule ya msingi mwenye kizunguzungu: mwiba, panja la kushoto. Akaja mke wa polisi: mwiba, panja la kushoto. Akaja mzee wa kanisa ambaye tatizo lake, mkiniuliza mimi, lilikuwa pombe: panja la kushoto. Je, nilishtuka? Sikushtuka hata kidogo. Nilijiona nimegundua ugonjwa mpya. Niliwaza moshi wa volkano, niliwaza gesi ya ziwa, nikaanza kuandika barua kwa wakubwa Kigali yenye kichwa cha habari kirefu chenye jina la Gisenyi ndani yake.

Barua ilikuwa bado mezani Alhamisi ile mpaka wa Goma ulipofunguliwa tena, na Papa Byamungu akaingia na mfuko wake. Nilimtandikia zile karatasi kwa fahari, moja juu ya nyingine. Alivaa miwani. Alitazama ya mwalimu, ya mke wa polisi, ya mzee wa kanisa. Aliweka kidole kwenye mwiba, kisha akakisogeza kwenye mistari ya pembeni.

"Mama, iyi ni muti mukubwa unaanguka," alisema. "Muti ukianguka, nyumba ya jirani inasikia ao haisikii?"

"Inasikia."

"Sasa angalia jirani."

Nilitazama. Mistari ya vifungo vya jirani ilikuwa imelala kimya. Mwiba wa kweli una eneo: unakuwa mkubwa katikati, na majirani wanauonyesha kwa kupungua pole pole. Mwiba wangu ulikuwa mkali mahali pamoja tu, na hatua moja pembeni hapakuwa na habari yoyote. Nilijua jambo hilo. Yule mtawa wa Ngara alinifundisha. Nilikuwa nalijua na sikuliangalia, kwa sababu nilikuwa nimeshafurahi.

"Nunua chou," alisema Papa Byamungu.

"Kabichi ya nini?"

"Nunua tu."

Nikaagiza kabichi. Ikaja kubwa, ya kutoka mashamba ya juu, yenye uzito wa kichwa cha mtu. Papa Byamungu aliimenya majani ya nje, akaisugua pale pa kubandika, akapaka pasta yangu, akaweka vifungo vyote mahali pake kana kwamba ina pua na masikio. Alifanya kazi hiyo kwa adabu kabisa. Muuguzi aliyechungulia mlangoni alifunga mlango polepole bila kuuliza.

Tukawasha. Kalamu zilichora mistari iliyotetemeka kidogo, isiyo na maana yoyote. Nikaanza kupumua. Ndipo kalamu ya tatu iliporuka chini na ya nne ikaruka juu.

"Bon," akasema. "Chou iko na igicuri. Panja ya kushoto."

Nilicheka, wanangu. Nilicheka mpaka nikashika meza. Papa Byamungu hakucheka. Alichukua waya wa kifungo kile, akaukunja hapa na pale huku akitazama kalamu, na kila alipoukunja karibu na plagi, mwiba. Akaupasua ganda kwa wembe. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika, zimeota kutu ya kijani, zikigusana na kuachana kila mashine ilipotikisika. Hapo nikamkumbuka Daforoza.

Niliitoa karatasi yake kabatini. Majirani walikuwa kimya tangu mwiba wa kwanza hadi wa mwisho.

Tulikwenda kwa daktari, mimi na karatasi, Papa Byamungu na ule waya. Daktari alisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango.

"Sista," alisema, ndivyo alivyotuita sote wauguzi, "mashine ni hii moja tu. Watu wakisikia ilisema uongo, nani atakubali kupimwa tena? Wale watatu bado hatujawapa dawa, tutawapima upya, hakuna neno. Na huyu binti tutampima upya. Tutamwambia dawa imefanya kazi, amepona. Atafurahi, tutapunguza dawa polepole, yameisha."

Lilikuwa wazo la mtu mwema, na kwa muda wa kuvuta pumzi tatu nililipenda. Lingeniacha na jina langu. Kisha nikaliwaza kutoka upande wa Mbugangari.

"Daktari, ukisema amepona, umesema alikuwa nacho. Kwa watu hawa igicuri hakiponi, kinajificha tu. Atabaki mtu aliyekuwa na igicuri hadi azeeke. Kitu kimoja tu kitamtoa hapo: kwamba hakuwa nacho hata siku moja."

"Na wewe je?"

"Mimi nitasemwa mjini. Nimeshasemwa kwa mambo madogo kuliko haya."

Alinitazama, akachukua kalamu. Aliandika barua kwamba kipimo cha kwanza kilikosewa kwa sababu ya chombo kibovu, na kwamba binti alizirai kwa njaa na jua, jambo ambalo humtetemesha mikono hata mtu mwenye afya. Alisaini. Akaandika pia jinsi ya kupunguza dawa kidogo kidogo, maana fenobabitali ukiiacha ghafla, hapo ndipo inapoweza kukuletea kifafa chenyewe. Shikeni hilo pia.

Nilimkuta Daforoza uani kwao, amekaa kwenye kigoda. Dawa ilikuwa imemfanya mzito. Alinyanyua macho kama mtu anayeinua gunia. Sufuria kubwa ya uji ilikuwa imefunikwa chini juu, na buibui walikuwa wameshaanza kazi pembeni yake. Mama yake alinieleza kwa maneno machache: wateja walikwisha siku ya tatu, na shangazi yake Alfonsi alikuja mwenyewe kusema uchumba umevunjika. Alfonsi hakuja.

Nilimweleza Daforoza yote, waya, kutu, kabichi. Sikuficha. Nilipomaliza hakulia wala hakunitukana.

"Donc kichwa yangu iko muzima," alisema polepole.

"Iko nzima."

"Na ile siku ulinipima ilikuwa muzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Na ulisema kwa sauti. Watu walikuwa ku benchi waliniambia. Ulisema kwa sauti."

"Nilisema kwa sauti."

Akafikiri. "Mi siwezi kutembea na barua ya muganga nikisomea watu. Wengi hawasomi. Uende useme kwa sauti ile ile. Pale pale ninauza."

Nawaambieni, nimesimama mbele ya mawaziri waliokuja kutembelea hospitali, sikutetemeka. Jumatatu asubuhi, pale karibu na Petite Barrière, nilitamani kugeuka nirudi hospitalini. Kina mama walikuwa wamejaa na mabeseni ya nyanya na vitunguu, wabeba mizigo wameegemea mikokoteni, na Daforoza amesimama nyuma ya sufuria yake iliyokuwa ikitoa moshi, hakuna mtu hatua kumi kutoka kwake. Nilipanda juu ya jiwe. Nilivaa nguo yangu nyeupe ya kazi ili wajue ni nani.

"Mnanijua," nikapaza sauti. "Mimi ni Mama Waya. Ni mimi niliyesema huyu dada ana igicuri. Nilisema uongo. Sikukusudia, lakini ni uongo. Waya wa mashine yangu ulikuwa umekatika. Tuliuweka kwenye kabichi, ukasema kabichi nayo ina igicuri!"

Halafu mama mmoja mwenye beseni la kabichi akaliteremsha kichwani, akazitazama kabichi zake, akasema kwa Kinyarwanda, "Yewe, na hizi zangu nizipeleke hospitali?"

Kicheko kilianzia kwake, kikapita foleni nzima hadi kwa askari wa mpakani. Walinicheka mimi, nami nilisimama nikachekwa. Daforoza akachota kikombe, akanywa nusu, akaninyooshea. Watu wote wakageuka kutazama. Nilikunywa nusu iliyobaki mahali palepale mdomo wake ulipogusa, nikamrudishia kikombe kitupu. Uji ulikuwa mzuri, wa mtama, wenye ndimu. Mbeba mizigo mmoja mwenye kifua kama mlango akasogea, akasema, "Na mi muniletee, njaa haina igicuri." Baada yake walikuja wawili, kisha mama wa kabichi.

Haikuwa rahisi kama ninavyoisimulia. Wapo ambao hawakurudi kununua kwake, na wapo waliosema hospitali imelipwa ili iseme vile. Lakini kabla ya mwezi kwisha sufuria yake ilikuwa inaisha saa nne asubuhi. Na kuhusu hofu ya daktari, mambo yalikwenda kinyume: watu walianza kuja kupimwa kwa wingi, wakisema, yule Mama Waya wa kabichi akikosea anasema.

Alfonsi alikuja Jumapili moja Mbugangari na shangazi yake, wamebeba samaki. Daforoza ndiye aliyenisimulia, huku akiosha vikombe. Shangazi alisema sasa wamejua binti ni mzima, basi mambo yaendelee pale yalipoishia. Daforoza hakumjibu shangazi. Alimgeukia Alfonsi.

"Karatasi ilisema niko mugonjwa, ukaenda bila kuniangalia mu macho. Leo karatasi inasema niko muzima, unarudi. Siku mashine itaharibika tena, we utakuwa wapi?"

Walirudi Nyamyumba na samaki wao. Nilimwambia Daforoza kwamba naweza kwenda kuzungumza na yule kijana, kwani kosa lilianza kwangu. Akanicheka. "Mama Waya, iyi moja si yako," alisema.

Mvua zilipokwisha, dawa ikiwa imemtoka kabisa mwilini, alikuja chumbani kwangu bila kuitwa. Wakati huo nilikuwa nimejiwekea desturi ambayo sikuivunja hadi nilipostaafu: kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, vifungo vyote vinalala kwenye beseni la maji ya chumvi na mashine inawashwa, na mimi naukunja kila waya mmoja mmoja nikitazama kalamu. Alinikuta nikifanya hivyo.

"Sina ugonjwa," alisema. "Nataka kuona. Daktari ameona bongo yangu, we umeiona, yule muzee wa Goma ameiona. Mi peke yangu sijaiona."

Nilimbandika. Badala ya kumlaza nilimkalisha upande, uso wake kwenye karatasi. Kalamu zilichora mistari midogo ya haraka, kama mwandiko wa mtu mwenye haraka.

"Ni hii tu?" aliuliza, na nilisikia amevunjika moyo.

"Yapo mazuri zaidi. Ukifumba macho, nyuma ya kichwa yanaanza mawimbi laini, kama kumi kwa sekunde moja, moja baada ya jingine, yamelingana. Yanakuja kwa mtu mwenye afya aliyetulia. Ukifumbua macho tu, yanaondoka."

"Donc mi siwezi kuyaona."

"Huwezi kuyaona yakija. Nitayaona mimi, kisha nikuonyeshe kwenye karatasi."

Akaniangalia kwa muda mrefu, mimi niliyekuwa nimeshamsoma vibaya mara moja. Sikumharakisha. Kalamu ziliendelea kukwaruza.

"Soma polepole," aliniambia, akafumba macho.